Kisanduku cha Mwisho cha Koji

Asubuhi ile Masuyo Hamade alifungua mlango wa chumba cha kuni, lakini hakuingia. Alisimama kizingitini na kitambaa chake cheupe kichwani, akanusa.

Koji, wali unaooteshwa ukungu mweupe, ikiota vizuri hunukia kama njugu zinapoanza kuiva chunguni. Harufu iliyomjia haikuwa hiyo. Ilikuwa nzito na yenye joto, kama soksi zilizovuliwa na mvuvi baada ya safari ndefu. Aliingia taratibu, akaufunga mlango nyuma yake kwa kisigino, akainua shuka iliyofunika kisanduku cha kwanza. Wali haukuwa na manyoya meupe. Ulikuwa umelowa na kung'aa. Akagusa punje moja kwa ncha ya kidole, akainua kidole. Uzi mwembamba ukafuata, ukavutika kama mlenda, na haukukatika.

"Vipi, Mwenyekiti?" Fujie Okuno aliita kutoka jikoni. "Imeota? Nilete mabakuli?"

"Usiingie."

"Nisiingie kwa nini? Nimeoga mpaka ngozi inawasha."

"Nimesema usiingie, Fujie!"

Jikoni mabakuli yakarudishwa mezani. Katika miaka yote waliyojuana, hakuna aliyewahi kumsikia Masuyo akipaza sauti.

Alikuwa mtoto wa muuza koji. Mama yake, katika kijiji cha pwani mkoani Wakayama, alikuwa akipika mchele kwa mvuke, akiunyunyizia mbegu, ule unga wa kijani, na kuufunika kwenye chumba chenye joto mpaka kila punje ivae ukungu mweupe kama kifaranga. Wanakijiji walikuja na vyombo vyao, wakaondoka na koji ya kuchachushia soya ili wapate miso, rojo la chumvi la kupikia supu, ya mwaka mzima. Masuyo alipoposwa na Eijiro Hamade, kijana wa kijiji hichohicho aliyekuwa akivua samaki aina ya samoni ng'ambo, kwenye mdomo wa Mto Fraser huko Kanada, mama yake hakumpa hariri. Alimpa kifuko cha karatasi chenye mbegu, akamshonea kwenye mshipi wa kimono.

"Ukifika usingoje," alimwambia. "Mbegu isipotumiwa huzeeka. Kila baridi otesha, kula, na kidogo uache kizeeke mpaka kiwe kijani tena. Hiyo ndiyo ya mwaka unaofuata."

Masuyo akafanya hivyo, mwaka baada ya mwaka, kwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo kando ya kiwanda cha samaki. Mchana alikata samaki kiwandani, pamoja na wanawake wengine wa kijiji kile waliobeba watoto mgongoni. Hakuwa msemaji. Akisimama mbele ya watu shingo ilimwiva wekundu. Lakini ni yeye aliyemfuata msimamizi wa kiwanda na kusimama mbele yake mpaka akakubali kuwapa wanawake chumba chenye jiko, watoto wachanga wasilale tena kwenye masanduku yenye barafu. Hakusema maneno mengi. Alimwonyesha tu mkono wa mtoto mmoja uliokuwa umebadilika rangi kwa baridi, akangoja. Mwaka ule akina mama wakaanzisha chama chao, wakamfanya mwenyekiti. Fujie Okuno, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote na aliyekitaka kiti kile, alisema, "Basi, awe yeye. Angalau hatatuchosha kwa hotuba."

Halafu vita na Japani vikaja. Mashua za Wajapani zikafungwa pamoja kwa kamba na kuvutwa na serikali, na watu wote wenye sura ile, hata waliozaliwa Kanada, wakaamriwa kuondoka pwani. Eijiro alipelekwa na wanaume wengine kwenye kambi za kuchonga barabara milimani. Masuyo, mama mkwe wake Bibi Kane, na jirani zake wakapelekwa kwenye bonde lililoitwa Tellick, kwenye vibanda vya mbao mbichi. Mbao zilipokauka ziliachana, na baridi ilipoingia barafu iliota ndani ya kuta. Kila kibanda kilikuwa na familia mbili na jiko moja katikati. Masuyo akapewa kuishi na Fujie, na Hatsuko, mke wa mtoto wa Fujie, ambaye mumewe naye alikuwa barabarani. Hatsuko alikuwa na mimba kubwa.

Masuyo alikuwa bado na mbegu, kifuko kilekile, kimeshonwa kwenye fulana yake.

Miso waliyokuja nayo iliisha kabla ya theluji ya kwanza. Meli kutoka Japani zilikuwa zimekatika, na maduka hayakuwa na kitu. Wazee ndio walioanza kukataa chakula. Bibi Kane, ambaye maisha yake yote alikunywa uji wa mchele uliopikwa kwa chai na bakuli la supu ya miso pembeni, aligeuza uso ukutani.

"Mama, kula kidogo," Masuyo alimsihi.

"Nile nini? Viazi? Mimi ni nguruwe?"

"Mwaka Mpya tutaponda wali tupate madonge ya mochi, tuyapike supu kwa miso nyeupe. Nakuahidi."

Bibi Kane aligeuka akamtazama kwa jicho moja. "Ukiniahidi wewe, najua utatekeleza. Ndiyo maana sikukupenda tangu siku ya kwanza. Huna utani."

Kwa hiyo akina mama wakakutana kwenye bafu la kambi, mahali pekee palipokuwa na joto la kuwatosha wote, wakakubaliana. Kila nyumba ingetoa mchele kidogo. Mbegu ilikuwa ya baridi ya mwaka uliopita na ilikuwa imepita kwenye unyevu mwingi. Masuyo alihofia imekufa. Alitaka kuigawa, nusu itumike, nusu ibaki.

"Mkiigawa mtapata nusu mbili zilizokufa," Fujie alisema. "Imwage yote, tujue moja."

Wengine wakaitikia. Masuyo akatikisa kichwa, kisha akakubali. Aliinyunyiza yote.

Chumba cha kuni kilikuwa nyuma ya jiko, na bomba la moshi lilipita ndani yake. Walikifukiza moshi, wakakisugua kwa maji ya moto, wakapanga visanduku vilivyotengenezwa kwa mbao za masanduku ya matofaa. Masuyo akaweka masharti. Hakuna kuingia bila kuoga. Nywele zifunikwe. Kucha zikatwe. Wanne tu ndio watakaogeuza wali: yeye, Fujie, mama mmoja wa kibanda cha jirani, na Hatsuko, kwa kuwa mikono ya Hatsuko ilikuwa myepesi. Sharti moja alilisahau, kwa sababu kwao halikuwahi kuhitajika.

Sasa, akiwa peke yake na ile harufu, alilikumbuka.

Natto. Soya zilizochemshwa na kuviringwa kwenye majani makavu ya mpunga mpaka zivunde na kuvutika nyuzi. Watu wa mashariki mwa Japani huzila kwa wali asubuhi na kuzisifu. Watu wa Wakayama hawazigusi, na wakitajiwa huziba pua. Mama yake aliwahi kumwambia, wakati fulani utotoni, kwamba mwenye chumba cha koji akila natto ni heri akichome chumba chake, maana uozo wake humganda mlaji na kuiharibu koji. Mama aliisema kama hadithi ya mazimwi, maana ni nani katika kijiji chao angekula kitu kile?

Alifunua kisanduku baada ya kisanduku. Kila kimoja kilivuta nyuzi. Akafika cha mwisho kabisa, kile kidogo kilichokaa peke yake juu ya rafu karibu na bomba la moshi, ambacho alikitayarisha na kukigeuza yeye mwenyewe. Akainua shuka huku amezuia pumzi.

Kilikuwa cheupe. Manyoya yalisimama kwenye kila punje, makavu, laini. Yakanukia njugu.

Alikifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akakikumbatia, akatoka nacho moja kwa moja hadi chumbani bila kumtazama Fujie. Bibi Kane alikuwa amelala chini ya mablanketi, chupa ya maji moto miguuni.

"Mama, nakuomba. Kishike hiki tumboni. Kisipoe, kisipate moto sana."

"Ni nini?"

"Ndicho kilichobaki."

Mkongwe akakigusa kitambaa, akanusa, akaelewa. Akakivuta ndani ya blanketi. "Nimezaa watano," alisema, "na uzeeni nimegeuzwa kuku wa kuatamia."

Masuyo akaenda kumtafuta Hatsuko.

Alimkuta nje kwenye rundo la kuni, akikusanya vipande kwenye aproni, pumzi yake ikitoka kama moshi.

"Hatsuko. Lete mikono."

Msichana akaweka kuni chini, akanyoosha mikono. Masuyo akaishika, akanusa vidole, kisha akanusa mikono ya sweta. Hapo kwenye sufi, mahali pa kiwiko, harufu ilikuwepo.

"Umekula wapi natto?"

Hatsuko akageuka rangi. Alizaliwa pale pale kwenye mdomo wa mto, hakuwahi kuiona Japani. "Inaitwa natto? Mzee Sugasawa hakuniambia jina."

Mzee Kiyohei Sugasawa alikuwa kapera mkata magogo kutoka upande ule wa mashariki mwa Japani, aliyewekwa kambi moja na wavuvi wa Wakayama kwa bahati mbaya ya makaratasi. Aliishi kibanda cha mwisho, na watu walimsalimu kwa mbali.

"Alinikuta nikilia kwenye bomba la maji," Hatsuko alisema. "Nilikuwa na njaa, mama. Si njaa ya viazi. Akaniambia, njoo mwanangu, nina soya. Anazivundika kwenye majani makavu aliyoyatoa kwenye masanduku ya vyombo vilivyotoka Japani, anaziweka chini ya godoro lake. Nilikula siku ile, na kesho yake, na kesho yake tena. Ni... ni tamu, mama. Samahani. Kwani kuna nini?"

"Na baadaye ukaja kugeuza wali."

"Niliosha mikono! Kwa sabuni, mpaka viwiko!"

"Haitoki kwa sabuni."

Hatsuko aliutazama mlango wa chumba cha kuni, kisha akamtazama Masuyo, na taratibu akaelewa. Akaketi juu ya kuni. "Vyote?"

"Karibu vyote."

"Mama mkwe ataniua. Tayari anasema mimi ni wa bure, nimezaliwa huku, sijui lolote. Mchele wa watu wote, mama! Wazee wa watu wote! Watanifukuza. Na sina pa kwenda, mama yangu wamempeleka kambi nyingine, hata kibali cha kumwona..." Alishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Simama. Usikae kwenye barafu," Masuyo alisema. "Umemwambia mtu?"

"Hapana."

"Basi usimwambie."

Kufikia mchana kambi nzima ilikuwa inajua kwamba koji imeharibika. Akina mama walijaa bafuni bila kuitwa, wamesimama na makoti yao kuzunguka birika kubwa la mbao. Mvuke ulifanya nyuso zionekane na kupotea. Hatsuko alisimama nyuma, karibu na mlango.

Masuyo akaeleza. Natto imeingia chumbani. Wali wote umeshika utelezi isipokuwa kisanduku kimoja kidogo.

"Natto!" mtu alisema, na wengine wakatoa sauti ya kichefuchefu. "Sisi? Nani kati yetu anakula uchafu ule?"

"Haukujipeleka wenyewe," Fujie alisema, akasogea mbele. "Walioingia ni wanne. Mimi sijala, na nitakula kiapo mbele ya madhabahu ya marehemu mume wangu. Nani basi? Masuyo, wewe una pua ya mama yako. Umeshajua. Taja jina."

"Jina! Jina!"

Shingo ya Masuyo ilianza kuiva. Alimwona Hatsuko nyuma akifungua kinywa. Akaanza kuzungumza kabla yake.

"Chumba ni changu. Masharti niliyaweka mimi. Nilisema nywele, nilisema kucha, sikusema natto. Kazi ya mwenye chumba ni kukumbuka hilo kabla ya mengine yote, na sikulikumbuka. Kosa ni la mwenye chumba."

"Hilo si jina," Fujie alisema.

"Ndilo jina nililo nalo. Hamade Masuyo."

Kelele zikapanda. Mama mmoja, ambaye baba yake alikuwa hajanyanyuka kitandani kwa majuma, alilia waziwazi. Mwingine akasema mchele wake ulikuwa wa watoto, na kwamba kama mwenyekiti anaficha watu basi asiwe mwenyekiti tena. Walioitikia walikuwa wengi. Masuyo akatoa shingoni ufunguo wa bafu, ambao mwenyekiti ndiye aliyeutunza, akauweka juu ya ukingo wa birika. Hakuna aliyeugusa.

"Na hicho kisanduku?" Fujie akauliza.

"Kipo salama."

"Basi kilete. Kitatosha miso nyeupe kidogo. Kila mzee atapata angalau bakuli la Mwaka Mpya, na aibu itapungua."

"Hapana."

Fujie alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Tukikila, imekwisha. Hakuna meli. Hatujui vita vitaisha lini, hatujui tutapelekwa wapi. Nitakiacha kizeeke mpaka kiwe mbegu."

"Wewe ni mwenyekiti wa nani mpaka uamue?"

"Si mwenyekiti tena. Ni mtoto wa muuza koji."

"Mama mkwe wako mwenyewe hali chakula!" Fujie alipiga ukingo wa birika kwa kiganja. "Bibi Kane anakauka kama samaki kwenye kamba, na wewe unaweka akiba? Utamwekea nani, wajukuu ambao hawajazaliwa? Una moyo wa jiwe, dada!"

"Najua kwamba hali chakula. Nalala naye chumba kimoja."

Aliinama mbele yao wote, kwa chini kabisa, akapita katikati yao. Hakuna aliyemwinamia. Fujie ndiye aliyeuchukua ufunguo.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Jikoni Fujie alipika upande wake na kuosha upande wake, na alipotaka Masuyo asogee alimwambia Hatsuko, "Mwambie huyo asogee." Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza alipofika. Mama aliyezoea kumletea kabichi iliyotiwa chumvi aliipita nyumba kana kwamba haipo. Masuyo alichoma wali ulioharibika, akachoma shuka na visanduku, akasugua chumba cha kuni mpaka vidole vikapasuka. Kila mara alirudi chumbani kwake, akainua blanketi na kutazama.

Kulikuwa na jambo jingine lililomnyima raha. Mama yake, alipotaka mbegu, aliuchanganya wali na majivu. Majivu yalizuia uozo usiingie na kuufanya ukungu uzae unga mwingi. Lakini yalikuwa majivu ya mti mgumu wa nyumbani, na hapa majiko yote yalichoma misonobari, iliyojaa utomvu. Masuyo aliyaonja majivu ya misonobari kwa ulimi, akayatema. Aliogopa kuyatia. Aliogopa kutoyatia. Wali ule mweupe ulianza kuwa na madoa ya kahawia pembeni, na hakujua kama ni uzee mwema au ni mwanzo wa kufa.

"Umekuwa mwembamba kuliko mimi," Bibi Kane alimwambia.

"Mama, lazima nikuambie. Hii si ya supu. Niliahidi, lakini sitaweza."

Mikono ya mkongwe ilikuwa juu ya kisanduku, chini ya blanketi.

"Unafikiri mimi ni mjinga? Nimekilalia siku zote hizi, nakisikia kinavyochoka. Koji ya kula hutolewa ikiwa changa. Hii umeipitisha makusudi." Akakohoa. "Mama yako angefanya hivyohivyo. Alikuwa mchoyo ajabu. Nenda, unanipitishia baridi."

Ilikuwa siku moja kabla ya Mwaka Mpya Fujie alipoingia chumbani bila kubisha. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Akaliweka sakafuni, akakaa kitako, akatazama ukuta wenye barafu.

"Mti wenye gome jeupe," alisema. "Ule wa kule mtoni. Nimeuchoma peke yake kwenye jiko la bafu, kwa kuwa ufunguo ninao. Nimeyachekecha mara tatu. Yaonje."

Masuyo akachota kwa ncha ya kidole, akaonja. Yaliuma kidogo ulimini, halafu yakawa matamu. Hayakuwa na utomvu.

"Umejuaje kwamba natafuta majivu?"

"Unaramba majiko ya watu kama paka. Nani asijue?" Fujie alitoa pumzi. "Tena, Masuyo, usinifanye mpumbavu. Unadhani pua yangu ni ya pambo? Yule analala futi chache kutoka kichwani kwangu. Nilijua kabla yako."

Masuyo alimtazama kwa mshangao. "Ulijua, na bado ukadai jina mbele ya wote?"

"Nilitaka nione kama utalitaja. Ungelitaja, ningekuchukia mpaka kufa. Ni mke wa mwanangu, ana mjukuu wangu tumboni." Akafuta pua kwa kiganja. "Hukulitaja, nikakuchukia vilevile, kwa kuwa sikujua nikushukuru kwa maneno gani. Nimemwambia msichana aende kula kwa yule mzee kila siku. Mtoto anahitaji. Lakini akirudi anavua nguo zote nje."

"Kwenye baridi hii?"

"Kwenye bafu, basi. Mimi si mnyama."

Kutoka chini ya blanketi sauti ya Bibi Kane ikasema, "Mtanyunyiza hayo majivu leo, au mnangoja nife na kisanduku hiki mkononi?"

Wakanyunyiza. Vichwa vyao viwili viligusana juu ya kisanduku, na hakuna aliyepumua karibu nacho.

Mwaka Mpya supu ilikuwa ya chumvi na mwani kidogo, na mochi ndogo ndani yake. Masuyo alimpelekea mama mkwe wake bakuli kwa mikono miwili. Mkongwe alionja. "Maji ya kuoshea sufuria," alisema, akalinywa lote, akarudisha bakuli tupu.

Kisanduku kikawa cha rangi ya nyasi zilizokauka, kisha cha kijani. Lakini kijani peke yake hakisemi kitu. Hata mkate ulioharibika huwa kijani. Ilibidi kujaribu. Fujie alitoa mchele wa nyumba yake, kiasi cha bakuli, na hakutaka wengine waambiwe. Hata hivyo walijua. Siku Masuyo alipoinua kitambaa kutazama kama mbegu imeshika, akina mama walikuwa wamesimama jikoni wamebanana mpaka mlangoni, wengine nje kwenye theluji. Yule aliyemlilia baba yake bafuni alikuwa mbele kabisa, ameuma aproni yake.

Masuyo alinusa. Akainua punje moja kwa ncha ya kidole. Hakuna uzi uliofuata.

Akataka kusema neno, shingo ikamwiva, asiweze. Akageuza tu bakuli ili waone ule weupe.

Koji ile ya kwanza ilitosha kinywaji kitamu cha moto cha wazee, kila mmoja kikombe kidogo. Bibi Kane alisema ni kitamu kupita kiasi na akaomba kingine. Aliishi mpaka theluji ilipoyeyuka, akaonja miso changa kwenye kijiko, akasema bado, ingojeeni. Hakuingoja yeye mwenyewe. Walipomvika nguo za safari ya mwisho, Masuyo alimwekea punje kadhaa za koji kwenye kiganja.

Mbegu Masuyo hakuitunza tena peke yake. Aliigawa kwenye vifuko vya karatasi, akapeleka kimoja kila nyumba, na kuwaonyesha mmoja mmoja jinsi ya kuotesha na jinsi ya kuiacha izeeke. Kifuko kimoja kilitoka kambini ndani ya pindo la koti kwenda kwa mama yake Hatsuko. Wengine walimwomba arudi kwenye kiti. Fujie akatikisa ufunguo shingoni kwake.

"Ufunguo nimeshauzoea, sirudishi," alisema. "Lakini nani aingie chumba cha koji, hilo atasema yeye."

Vita vilipokwisha hawakuruhusiwa kurudi pwani, wala mashua hazikuwepo tena. Masuyo na Eijiro walihamia mashariki, kwenye mji wa viwanda wa Ontario, na huko akina mama wa Kijapani waliotawanyika kutoka kambi mbalimbali wakamtafuta na kumfanya mwenyekiti hata kabla hajapata nyumba. Alikikalia kiti kile mpaka uzee, bila hotuba. Kila baridi walikutana chini ya ukumbi wao kutengeneza koji, na yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni. Wanawake walipofika hawakusalimiwa kwanza.

"Umekula nini?" aliuliza.

Siku moja alikuja msichana mrefu mwenye miguu ya haraka, binti wa Hatsuko, yule aliyezaliwa Tellick. Aliinama, akasimama mbele ya kigoda.

"Umekula nini?"

Msichana alichekacheka, akamtazama mama yake aliyekuwa nyuma. "Bibi, nimekula natto. Kwetu tunakula kila siku. Mama anaipenda."

Masuyo hakucheka. Alinyoosha mkono, akaufunga mlango taratibu mbele ya uso wake.

"Rudi kesho," alisema kupitia upenyo. "Na mwambie mama yako naye asisogee karibu."